Rio de Janeiro kwa Abiria wa Meli: Tathmini ya Siku Moja kwa Miguu, Kuanzia Getini mwa Bandari

Meli za kitalii zinazopita pwani ya mashariki ya Amerika ya Kusini hufunga gati Rio de Janeiro kwa saa chache tu, aghalabu tangu asubuhi hadi jioni, na kila abiria hulazimika kuamua atazitumiaje saa hizo. Wengi hununua safari zinazouzwa melini, wakapakiwa kwenye basi na kupelekwa kwenye sanamu ya Kristo juu ya mlima Corcovado. Wachache hutoka getini kwa miguu yao na kuuingia mji ulio mbele yao. Tathmini hii inahusu njia ya hao wachache. Nimeipima kwa muda, gharama, usalama na yale ambayo mtu huyapata akilini na moyoni, na msimamo wangu ni kwamba kwa msafiri mwenye siku moja tu, na hasa msafiri anayetoka Afrika Mashariki, eneo la bandari pamoja na mji wa kale ulio nyuma yake linampa mengi kuliko kilele chochote cha Rio.

Nianze na huo mlima, kwa kuwa ndio unaowavuta watu. Sanamu ya Kristo ilizinduliwa mwaka 1931; ina kimo cha mita 30 bila kuhesabu msingi wake wa mita 8, nayo imesimama juu ya mlima wa mita 710. Mlima Pão de Açúcar, ule wa mwamba mtupu uliochongoka kando ya bahari, una mita 396 na umekuwa na gari la kamba tangu mwaka 1912. Vyote viwili ni vya ajabu, wala sina nia ya kuvishusha hadhi. Lakini abiria wa meli ana bahati ambayo mgeni aliyekuja kwa ndege hana: meli inapoingia ghuba ya Guanabara alfajiri, Pão de Açúcar hupita upande wa kushoto kwa ukaribu wa kushangaza, na hali ya hewa ikiwa nzuri sanamu huonekana nyuma yake, juu ya safu ya milima yenye msitu. Anayeamka mapema na kupanda deki ya juu huviona vyote kabla ya kifungua kinywa, bila tiketi na bila foleni. Abiria wenzangu waliokwenda Corcovado kwa basi walitumia sehemu kubwa ya siku wakiwa wamekaa: foleni ya kushuka melini, foleni ya magari, kungoja zamu ya treni ya mlimani, kisha wakafika kileleni wakakuta wingu limeifunika sanamu tangu mabegani. Hali hiyo si ngeni huko, kwa sababu mlima unapokea hewa yenye unyevu kutoka baharini na wingu huweza kukaa juu yake hata wakati mji wote uko kwenye jua.

Gati la abiria linaitwa Pier Mauá. Ni safu ya maghala marefu ya bandari iliyozinduliwa mwaka 1910, na baadhi ya maghala hayo sasa hutumika kupokelea abiria na kufanyia maonyesho. Utaratibu wa kutoka ni mwepesi, isipokuwa siku ambazo meli zaidi ya moja zimefunga gati, ambapo ukumbi hujaa na mtu hujikuta amekwama kati ya masanduku ya wanaomaliza safari na wanaoianza. Mlangoni utakutana na watu wanaokuitia teksi na ziara za mji kwa bei ya kutajwa mdomoni. Wakatae kwa adabu na uendelee kutembea. Teksi rasmi za Rio zina rangi ya njano na mstari wa buluu, nazo huhesabu nauli kwa mita.

Ukitoka getini, jambo la kwanza linalostahili sifa ni kwamba unaweza kutembea. Hapo zamani barabara kubwa ya juu iliyoitwa Perimetral ilikuwa imepita mbele ya maghala haya na kuutenga mji na bahari yake. Ilibomolewa mwaka 2013 na 2014, katika matengenezo makubwa ya bandari yaliyotangulia Olimpiki ya 2016, na mahali pake pakawekwa njia pana ya waenda kwa miguu, miti, na reli ya tramu. Upande wa kulia wa geti, ubavuni mwa maghala, kuna mchoro wa ukutani wa Eduardo Kobra unaoitwa Etnias, uliochorwa kwa ajili ya michezo hiyo: nyuso tano kubwa za watu wa asili wa mabara matano, zikiwa zimekatwakatwa kwa pembe za rangi kali. Uso unaowakilisha Afrika ni wa Wamursi wa kusini mwa Ethiopia. Wapiga picha hukaa mbele ya ukuta ule muda mrefu, na sioni kosa lao, ila jua linalopiga pale saa za mchana halina huruma, na afadhali mtu aupitie asubuhi.

Upande wa kushoto ni uwanja wa Praça Mauá, wenye majumba mawili ya makumbusho. Lile jeupe lililonyooka kuelekea baharini ni Museu do Amanhã, kazi ya msanifu Santiago Calatrava, lililofunguliwa Desemba 2015. Mapezi ya juu ya paa lake hubeba paneli za jua na hugeuka kulifuata, na maji ya madimbwi yaliyolizunguka huvutwa kutoka ghubani na kusafishwa. Kwa nje ni jengo la kupendeza mno. Ndani, maonyesho yake kuhusu mustakabali wa dunia yanategemea sana skrini na maandishi, na kwa mwenye saa chache nashauri alizunguke kwa nje, akae kidogo penye upepo mwishoni mwa gati, kisha aendelee. Museu de Arte do Rio, lililo upande wa pili wa uwanja tangu mwaka 2013, limeunganisha jumba la kale na jengo la kisasa kwa paa moja lenye umbo la wimbi. Humo nilikaa zaidi, kwa sababu maonyesho yake huzungumzia Rio yenyewe.

Kisha unaingia mitaani, nyuma ya uwanja, na hapo ndipo siku inapopata uzito wake.

Mitaa ya Saúde na Gamboa, ambayo kwa pamoja na jirani zake hujulikana kama Pequena África, yaani Afrika Ndogo, ndiyo iliyowapokea Waafrika waliofikishwa Rio wakiwa watumwa, na ndiyo iliyowahifadhi wazao wao baada ya utumwa kufutwa Brazil tarehe 13 Mei 1888. Barabara ya Sacadura Cabral inakufikisha, kwa mwendo wa dakika chache, kwenye kiwanja kidogo cha Largo de São Francisco da Prainha, penye nyumba za kale za rangi mbalimbali na sanamu ya Mercedes Baptista, mwanamke wa kwanza mweusi kucheza baleti katika kundi la Theatro Municipal la Rio. Hatua chache kutoka hapo ni Pedra do Sal, mwamba uliochongwa ngazi moja kwa moja kwenye jiwe. Chumvi ilikuwa ikishushwa hapo wakati bahari ilipokuwa bado inafika chini ya mwamba, kabla ufuo haujafukiwa. Makuli wa bandarini, wengi wao wakiwa wametoka Bahia, jimbo la kaskazini-mashariki mwa Brazil, waliishi kuuzunguka, na wanamuziki kama Donga, João da Baiana na Pixinguinha walikutana mitaa hii wakati samba inajengeka. Jumatatu usiku watu hujaa hapo kuimba na kucheza. Abiria wa meli kwa kawaida anakuwa ameshaondoka saa hizo, na atakachokiona mchana ni ngazi tupu zilizong'arishwa na nyayo, zenye utelezi hasa baada ya mvua. Nenda hata hivyo, na uvae viatu vyenye soli ya kushika.

Mwendo wa kama robo saa kutoka uwanjani unakufikisha Cais do Valongo. Kwa macho ya haraka ni shimo pana la wazi kando ya barabara, lililozungushiwa kizuizi, lenye mawe chini yake na nguzo moja ya kumbukumbu pembeni. Ukipita ndani ya basi hutajua ulichokipita. Kwa maoni yangu hapa ndipo mahali pa maana kuliko pote katika Rio, na ni aibu kwamba vipeperushi vingi vya melini havipataji kabisa.

Mwaka 1774 mtawala wa Kireno aliamuru biashara ya watumwa iondolewe katikati ya mji na kuhamishiwa Valongo, mbali na macho ya wenye vyeo. Gati la mawe lilijengwa mwaka 1811, na inakadiriwa kwamba Waafrika wapatao 900,000 walishuka katika eneo hili kabla ya biashara hiyo kupigwa marufuku kwa sheria mwaka 1831, ingawa magendo yaliendelea kwingineko kwa miaka mingi baada ya hapo. Mwaka 1843 gati lilifunikwa kwa gati jingine la kifahari zaidi, lililotengenezwa kumpokea Teresa Cristina, bibi arusi wa mfalme Pedro wa Pili aliyekuwa akitoka Italia ya kusini. Mwanzoni mwa karne ya 20 hilo nalo likafukiwa. Kwa takribani miaka mia moja watu walipita juu bila kuona kitu, mpaka mwaka 2011, wakati wa kuchimba mitaro ya matengenezo ya bandari, mawe ya chini yakaibuliwa pamoja na shanga, pete, kauri na hirizi za watu waliopita hapo. UNESCO ililiweka kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2017.

Simama ukingoni na utazame mawe yenyewe, kwa kuwa yanajieleza. Yapo ya aina mbili. Yale ya juu, ya gati la malkia, yamechongwa mraba na kupangwa kwa usawa. Yale ya chini ni ya kila umbo, mengine makubwa kama mkate, mengine madogo kama ngumi, yamesukumwa ardhini kwa haraka bila kuchongwa, na ncha zake bado zinaonekana. Juu ya hayo ya chini ndipo watu walipokanyaga kwa miguu mitupu baada ya miezi baharini. Kutoka ukingo wa shimo unaweza kuifuata kwa macho mistari miwili ya mawe ikiingiliana, tabaka moja likiwa limewekwa ili kulificha jingine.

Msomaji wa pwani yetu ana sababu ya ziada ya kufika hapa. Wengi wa walioshushwa Valongo walitoka Angola na Kongo, lakini si wote. Mkataba wa mwaka 1815 kati ya Uingereza na Ureno ulipokataza biashara ya watumwa kaskazini mwa ikweta, wafanyabiashara wa Rio walielekeza meli nyingi zaidi Quelimane na Kisiwa cha Msumbiji, wakiwabeba Wamakua na majirani zao kuizunguka Rasi ya Tumaini Jema, safari iliyokuwa ndefu na yenye vifo vingi kuliko ile ya Angola. Katika kumbukumbu za Rio watu hao waliandikwa kwa jina moja tu la jumla, Moçambique. Sisi huzoea kuitazama historia hii kupitia Zanzibar, Bagamoyo na Kilwa, na njia zake za kuelekea Uarabuni na visiwa vya Bahari ya Hindi. Valongo inaonyesha mlango wa pili wa pwani hiyohiyo, unaofungukia upande mwingine wa dunia.

Dakika chache kutoka hapo, katika mtaa wa Pedro Ernesto, kuna nyumba ya kawaida ambayo ni taasisi ya Pretos Novos, yaani "weusi wapya". Mwaka 1996 wenye nyumba walikuwa wakiikarabati, na mafundi walipochimba sakafu wakakutana na mifupa ya binadamu. Nyumba ilikuwa imejengwa juu ya makaburi walikotupwa Waafrika waliofariki mara baada ya kufika, kabla hata ya kuuzwa; makaburi hayo yalitumika hadi mwaka 1830. Wenye nyumba waliamua kuigeuza kuwa mahali pa kumbukumbu na utafiti. Mwaka 2017 wachimbaji walipata humo mifupa kamili ya mwanamke kijana, wakampa jina la Josefina Bakhita, yule mtakatifu aliyezaliwa Darfur na kuuzwa utumwani. Sehemu za sakafu zimefunguliwa na kufunikwa kwa kioo, na mgeni husimama moja kwa moja juu ya udongo wenye mifupa. Chumba ni kidogo, na maelezo mengi ni ya Kireno. Watoa maoni wa mitandaoni huandika kwamba "hakuna mengi ya kuona", maneno ambayo sikubaliani nayo kabisa. Siku ile, wahudumu walinieleza kwa subira, kwa Kireno cha polepole na ishara za mikono, wakanionyesha kwenye ramani ya ukutani njia za meli kutoka bara letu. Angalia saa zao za kufungua kabla ya kwenda, kwa sababu hawafungui kila siku.

Chakula cha mchana nashauri kiliwe hapohapo Largo da Prainha, katika mgahawa wa Angu do Gomes. Angu ni ugali laini wa unga wa mahindi, na zamani Angu do Gomes iliuzwa kwenye mikokoteni mitaani Rio, ikiwalisha wafanyakazi na walevi wa usiku kwa pamoja. Huletwa ukiwa wa moto, rangi ya njano, mwepesi kuliko ugali wetu kiasi kwamba huliwa kwa kijiko, na juu yake humiminwa mchuzi mzito wa matumbo na maini uliokolezwa vizuri. Niliumaliza wote. Muislamu aulize kilichomo kabla ya kuagiza, maana wapishi wa Rio huchanganya nyama ya nguruwe katika vyakula vingi bila kuitangaza, na feijoada, yaani maharagwe meusi yaliyopikwa na nyama, karibu kila mara huwa nayo. Asiyetaka kubahatisha ataagiza samaki au kamba. Kwa kinywaji, maduka ya vitafunio ya mjini yana mashine ya kukamulia miwa mbele ya mteja, na glasi ya juisi hiyo huenda pamoja na pastel, chapati nyembamba iliyokunjwa na kujazwa nyama au jibini kisha kukaangwa mpaka ikavimba. Madafu nayo yapo kila kona, yamepozwa kwenye barafu.

Mchana unaweza kutumiwa kwa mji wa kale. Tramu, ambayo watu wa Rio huiita VLT, ilianza kazi mwaka 2016 na hupita mbele ya maghala kisha ikafuata barabara ya Rio Branco hadi uwanja wa ndege wa Santos Dumont. Naisifu bila kusita. Behewa ni safi na lina kiyoyozi, jambo ambalo Februari huwa ni rehema. Sehemu kubwa ya njia yake haina nyaya juu, umeme ukitoka kwenye reli iliyozikwa barabarani. Na vituo vimeandikwa kwa uwazi. Kumbuka kwamba hakuna kondakta wa kukutoza: kila abiria hupitisha kadi yake mwenyewe kwenye mashine iliyomo ndani, na wakaguzi hupanda ghafla.

Shuka katikati ya Rio Branco na uingie vichochoro vya upande wa kulia. Confeitaria Colombo, mkahawa wa tangu mwaka 1894 katika mtaa wa Gonçalves Dias, una vioo vikubwa mno vilivyoletwa kutoka Ubelgiji, vimewekwa kwenye fremu za mbao za mjakaranda na kutazamana kutoka kuta mbili, hivyo ukumbi huonekana hauna mwisho. Foleni ya meza ni ndefu. Mwenye haraka na asimame kwenye kaunta ya karibu na mlango, ale kitafunwa kimoja na kahawa, na atazame vioo vilevile kwa bei ndogo. Kutoka hapo si mbali hadi Real Gabinete Português de Leitura, maktaba ya jumuiya ya Wareno iliyomo katika jengo lililokamilika mwaka 1887. Rafu za mbao zilizochongwa zimepanda ghorofa hadi ghorofa mpaka kwenye paa la chuma na kioo, zikiwa na vitabu kiasi cha 350,000. Kuingia ni bure. Wengi huja kupiga picha moja na kuondoka. Mimi nakuomba ukae kimya dakika kumi na kuangalia jinsi mwanga wa paani unavyoshuka juu ya migongo ya vitabu.

Nyuma ya maktaba kuna Saara, mitaa ya biashara inayozunguka Rua da Alfândega, iliyojengwa na wafanyabiashara wa Kisiria, Kilebanoni na Kiyahudi, na ambayo sasa ina wenye maduka wa kila asili. Mwenye mazoea ya Kariakoo au Biashara Street atajisikia yuko nyumbani: vitambaa kwa jora, shanga kwa kilo, manyoya ya Kanivali, vyombo vya plastiki, na sauti za vipaza zikitangaza punguzo. Zawadi za kupeleka nyumbani zinunuliwe hapa, si kwenye vibanda vya gatini. Wachuuzi wanapokea kadi karibu kote, ila noti ndogo za reali husaidia. Kwa kuwa mimi ni mweusi, kila mtu alinisemesha Kireno moja kwa moja bila kunidhania mgeni, na nilipojibu kwamba natoka Afrika mazungumzo yalirefuka na bei ikashuka. Sikupata jambo hilo popote pengine katika safari ile.

Aliyebakiwa na muda atapita Paço Imperial kwenye uwanja wa Praça XV, jumba la mwaka 1743 ambamo binti mfalme Isabel alitia saini sheria ya kufuta utumwa. Ukilitembelea baada ya Valongo, jumba hilo lina maana tofauti kabisa. Mimi ningeliweka jumba hilo mbele ya ngazi za Selarón, zile 215 zilizobandikwa vigae na msanii Jorge Selarón kuanzia mwaka 1990, ambazo kwa sasa hujaa wapiga picha kiasi kwamba vigae vyenyewe havionekani.

Kuhusu usalama, hofu inayosambazwa melini imezidi kiasi, lakini haikuzuka bure. Simu huporwa Rio, mara nyingi na vijana wa baiskeli, kutoka kwa mtu aliyeishika mkononi kando ya barabara huku akitafuta njia. Isome ramani ukiwa ndani ya duka, uirudishe mfukoni, kisha utoke. Acha saa na mikufu kwenye sefu ya chumbani. Tembea kwenye mitaa yenye watu, na usipande Morro da Providência, kilima kilicho nyuma ya Gamboa, bila mwenyeji anayejulikana huko. Kwa siku za kazi, saa za mchana, mitaa niliyoitaja ina msongamano wa kutosha wa watu wa ofisini na wanunuzi kukupa utulivu.

Siku ya juma ndiyo kigezo kikubwa kuliko vyote, na hapa ndipo ninapoushushia mpango huu alama. Meli yako ikifika Jumapili, mji wa kale unakuwa umefungwa: maduka ya Saara yamefungwa, Real Gabinete imefungwa, na mitaa iliyojaa jana inakuwa mitupu kiasi cha kutisha. Siku hiyo baki upande wa bandari, ambako njia ya ufukweni hujaa familia na baiskeli, na uanze kwa monasteri ya São Bento iliyo juu ya kilima kidogo kando ya Praça Mauá. Wamonaki wako hapo tangu mwaka 1590, kanisa lao limepambwa kwa mbao zilizochongwa na kupakwa dhahabu kutoka sakafuni hadi darini, na misa ya Jumapili ya saa nne asubuhi huimbwa kwa nyimbo za Kigregori. Fika mapema ukitaka kiti, na uvae nguo za heshima.

Kwa gharama, nilichotumia kwa siku nzima, yaani tramu, makumbusho, mlo kamili na vitafunio, hakikufikia sehemu ndogo ya bei ya ziara iliyokuwa ikiuzwa melini. Maneno haya yana uzito pia kwa vijana wetu wa Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam wanaofanya kazi kwenye meli hizi, ambao hupewa saa chache za kushuka na hawana wakati wala fedha za kwenda Corcovado. Valongo iko ndani ya uwezo wa saa mbili, kwenda na kurudi.

Mwenye magoti mabovu, au mwenye watoto wadogo katika joto la Januari, asiufuate mpango huu wote. Atosheke na Praça Mauá, Museu de Arte do Rio na tramu. Wengine wote wahesabu kurudi getini saa moja na nusu kabla ya muda wa mwisho wa kupanda melini, kwa sababu mvua za kiangazi hupiga mchana bila onyo na barabara za bandari hujaa maji haraka, na hapo hata teksi iliyo mbele yako haiwezi kusogea.